Kidude cha 35,000 na magari ya watu ninayonunua Tanga

Ni kidogo, kinaenea kiganjani, cha plastiki ya bluu inayoonyesha ndani. Unakichomeka chini ya usukani, kinaongea na simu yako kwa Bluetooth, na simu inakuambia gari linaumwa wapi. Vijana wa Kariakoo walioniuzia walikiita skana. Fundi wangu anakiita "huyo mganga wako". Mimi nakiita kidude tu. Nilikilipia 35,000, nauli ya basi kutoka Dar 5,000, nikaenda kukipokea stendi ya Kange kikiwa kimeviringishwa gazeti na solotepu. Ninacho mwaka mmoja na miezi minne sasa. Kimeingia kwenye magari 41 ya watu, na kati ya hayo nimenunua 11. Nayasema haya mapema ili mjue si yule anayefungua boksi leo na kusifia leo.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kununua gari mkononi, kwa mwenyewe, si yadi. Nalisafisha, narekebisha kidogo, nauza. Kabla ya hapo nilikaa keshia miaka tisa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na pale nilijifunza kwamba mtu mwenye haraka hahesabu chenji. Ndiyo maana msimu wangu ni Januari. Ada za shule zimebisha hodi, sikukuu zimekula akiba, basi saa nne usiku mtu anatupia picha kwenye kundi la WhatsApp: "IST namba D, AC barafu, injini haijaguswa, sababu ya kuuza shida ya haraka, maongezi yapo." IST ni Toyota ndogo, na namba D ni herufi ya mwanzo kwenye usajili wake. Hilo neno "maongezi yapo" ndilo linalonilipia kodi ya nyumba. Naona wengine wataninong'ona hapa, kwamba nakula shida za watu. Mimi humwambia muuzaji tangu kwenye simu kwamba nanunua nikauze. Akitaka kusubiri mnunuzi wa kutumia mwenyewe, asubiri. Wengi hawasubiri.

Sasa kidude. Niseme kwanza kilichonifanya nikipende, halafu nikiseme vibaya, maana ya kusema vibaya yapo mengi.

Mwezi wa pili mwaka huu niliitwa Chumbageni kuangalia Toyota Rumion ya 2009, rangi ya fedha, bei 14,500,000. Usiku wake nilimwomba muuzaji jambo moja tu: asiliwashe mpaka nifike, maana injini iliyokwisha kupashwa huficha ugonjwa wake. Saa moja asubuhi nimefika, natia kiganja juu ya boneti, la moto. Sikusema kitu. Kijana mwenyewe, mpole, kanzu ya kulalia bado mwilini, ananiangalia na kutazama nyuma yangu kama kuna mtu anakuja.

"Dada, umekuja na fundi au na shemeji?"

"Nimekuja na pesa."

Akacheka, akanifungulia mlango. Nikainama chini ya usukani, na mkiwajua watu wa Tanga, mwanamke akiinama chini ya usukani wa gari lisilo lake, baraza zima la kahawa linahamia hapo. Wazee wawili, muuza mihogo, watoto wa shule. Nikachomeka. Taa nyekundu ya kidude ikapepesa, simu ikashika, nikabonyeza kusoma hitilafu. Jibu: hakuna. Kijana akawageukia wazee kama aliyefunga goli. "Si nilisema? Gari haina shida, ni kuwasha na kuondoka."

Watu wengi huishia hapo, na ndiyo maana wengi husema vidude hivi havina faida. Ukurasa wa kusoma hitilafu ndio wa kitoto kuliko zote, kwa sababu hata muuzaji anaweza kununua kidude kama changu, akafuta makosa yote saa kumi na mbili asubuhi, taa ya injini ikazimika kwenye dashibodi, wewe ukaja saa moja ukakuta gari limetakata kama maiti iliyooshwa. Fungua ukurasa unaofuata. Gari likiwa linatembea hujipima lenyewe: sensa za oksijeni, katalaiza inayosafisha moshi, mvuke wa petroli, na mengine. Ukifuta makosa, vipimo hivyo navyo hurudi mwanzo, na lazima gari litembee, lipoe, litembee tena, wakati mwingine siku kadhaa, ndipo vikamilike. Kidude kinakuonyesha kipi kimekamilika na kipi bado. Na kwenye magari mengine kinakuonyesha pia limetembea kilomita ngapi tangu kumbukumbu ifutwe.

Kwenye ile Rumion vipimo karibu vyote vilikuwa bado. Kilomita tangu kufutwa: 2.

"Kaka, hili gari wiki hii limesafiri?"

"Aah, juzi tu nimerudi nalo Korogwe, halikunisumbua hata kidogo."

Nikamwonyesha simu. "Basi huko Korogwe lilikwenda likiwa limelala. Kumbukumbu zake hazijafika hata Kange."

Mzee mmoja wa kahawa akaguna. Kijana akanyamaza. Sikumtukana, sikupandisha sauti, nikamwambia twende nalo Pongwe turudi, mafuta yangu. Kufika karibu na Pongwe, kwenye kusimama na kuondoka nyuma ya malori, usukani ukaanza kunitetema mikononi kama mtu mwenye homa. Taa ya injini bado haijawaka, ila kidude kilikuwa kimeshaandika kosa linalosubiri kuthibitishwa: P0301. Maana yake silinda namba moja haichomi sawasawa. Mara nyingi ni plagi au koili, si kifo. Lakini kwa mtu asiyejua, mtetemo ule unaweza kuitwa injini mbovu, na ndivyo alivyokuwa ameambiwa yule kijana na fundi wake wa mtaani, akaogopa, akafuta, akaamua kuuza.

Tulimalizana 13,100,000. Koili, plagi nne, fundi na kuosha ndani vilinila 180,000. Karatasi na wakili 230,000. Mafuta ya kuzungushia wateja 40,000, dalali aliyeleta mnunuzi 150,000. Niliuza 14,300,000 siku ya kumi na tisa. Piga hesabu mwenyewe, imebaki laki sita kamili. Wanaodhani kazi hii ni kuokota milioni tatu tatu njiani waje tufanye hesabu hizi pamoja.

Haya, lawama.

Kwanza, kidude hakielewani na kila gari, na aliyeniuzia aliniambia "zote". Mfumo huu wa kusoma makosa kwa tundu moja la aina moja ulilazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia 1996, lakini magari tunayotumia sisi yametengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, na ya zamani kidogo yana lugha zao. IST yangu ya kwanza, ya 2004, ilikuwa na tundu vilevile, kidude kikaingia vizuri, kikawaka, kikakaa. Nimebonyeza mpaka betri ya simu ikaisha. Haikuunganika siku hiyo wala siku nyingine. Kwa uzoefu wangu, gari la 2008 kuja huku hukubali, la nyuma ya hapo ni bahati nasibu. Sasa fikiria ni magari gani yanayouzwa kwa wingi mkononi hapa kwetu: IST, Spacio, Raum, Carina, Vitz za mwanzo. Nusu ya soko kidude kinalitazama tu.

Pili, wenye iPhone msinunue cha aina hii. Mdogo wangu alijaribu, simu haikukiona kabisa. Vipo vya namna nyingine kwa ajili yao, bei juu kidogo.

Tatu, msikisahau kikiwa kimechomekwa. Kinaendelea kunyonya umeme hata ufunguo ukiwa umetoka. Niliacha changu kwenye Passo iliyokuwa imekaa uani kwangu Makorora inasubiri mnunuzi, mnunuzi akaja baada ya siku tisa na mkewe na mama mkwe, wamevaa kama wanakwenda harusini, nikawasha mbele yao: tk-tk-tk. Betri ilikuwa imechoka nayo, sitaki kukisingizia kidude chote. Lakini mama mkwe alishasema "hili gari bovu", na mama mkwe akishasema hakuna simu itakayombadilisha.

Kosa la nne ni langu mwenyewe na bado linaniuma. Muheza, msimu wa machungwa, nilikwenda kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu. Passo ya 2010, imetunzwa, viti bado vina vitambaa alivyoshona mkewe. Nikachomeka, nikaenda moja kwa moja ukurasa wangu ninaouamini: vipimo vyote bado, kilomita 6. Nikajiona mjanja. Nikasema, tena kwa sauti, "Shikamoo yangu ya mwanzo ilikuwa ya heshima mzee, lakini mbona umefuta kumbukumbu za gari jana?"

Hakujibu. Aliingia ndani taratibu, akatoka na miwani na risiti. Betri mpya, tarehe ya jana yake. Betri ikichomolewa kumbukumbu nazo huondoka, hilo nilikuwa nalijua, nililisahau kwa kiburi. Akaniambia, "Mwanangu, nimefundisha hesabu miaka thelathini. Sijawahi kufuta ubao kabla watoto hawajanakili." Nikaomba radhi, nikapandisha bei niliyokuja nayo kwa laki mbili, akanikaribisha chai, akanipa na machungwa ya kubeba. Gari hakuniuzia. Kwa hiyo siku hizi nikikuta vipimo viko bado, nauliza kwanza: betri imebadilishwa lini? Na nauliza kwa upole.

Halafu kuna yale ambayo kidude hakina macho ya kuyaona, na kwa mji wetu hayo ndiyo yanayokula pesa. Tanga tuko baharini. Upepo wa chumvi unakula chuma mchana na usiku, hasa kwa magari yanayolala Raskazone, Sahare na maeneo ya Deep Sea. Nilinunua Probox Sahare, kidude kikasema safi, na kweli injini ilikuwa safi, vipimo vyote vimekamilika, nikafurahi nikalipa siku hiyohiyo bila kumwita fundi kwa sababu yeye alikuwa na msiba. Aliporudi akalipandisha kwenye mawe uani kwake Mikanjuni, akaingia chini na bisibisi. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nakunywa uji. Nikasikia "puf", kama mtu anayetoboa papai. Nikainama kuangalia: bisibisi imeingia mpaka mpini kwenye sakafu ya nyuma. Walipaka puti, ule udongo wa kuzibia mabati, juu yake rangi nyeusi nzito inayong'aa, na mimi niliiona ile rangi nikasema moyoni, ona lilivyotunzwa.

Lile gari lilikuwa likibeba samaki na barafu. Maji ya chumvi yanachuruzika chini ya kapeti miaka yote hiyo. Harufu ilikuwa imefichwa na marashi, ila ukiliegesha juani saa saba mchana, ukafunga vioo, ukawasha AC, dagaa wote wanafufuka. Kuchomelea sakafu, rangi, na punguzo nililompa mnunuzi baada ya kumwambia ukweli wote, nilitoka na hasara ya 900,000. Ndiyo, nilimwambia ukweli. Mji wenyewe huu mdogo, kesho tunakutana Tangamano.

Fundi wangu hakinyimi kidude heshima, ila hakiabudu. "Gari lina mdomo," husema, "kwa nini unauliza simu?" Vifaa vyake: bisibisi, kitambaa cheupe, na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, ameishonea soksi ya mtoto isikwaruze rangi. Anaitembeza kwenye milango na mabawa. Penye bati inanata, penye puti nene inateleza na kudondoka, na hapo unajua gari liligongwa, hata kama rangi inang'aa kama kioo. Mfuniko wa rejeta anaufungua injini ikiwa baridi tu. Akikuta mafuta yanaelea, au chini ya mfuniko wa oili kuna ute kama uji wa maziwa, anafunga, ananiangalia, tunaaga. Kwa gia za otomatiki anakaa, mguu kwenye breki, anatoa R kwenda D, D kwenda R, macho ameyafumba, anasikiliza kwa mgongo. Akisema "inagonga", mimi sibishani. Namlipa 20,000 kwa gari moja, akipanda bodaboda kunifuata nauli juu yangu. Ukiniuliza kati ya kidude cha 35,000 na fundi wa 20,000 kila safari nibaki na kipi, nabaki na fundi. Lakini fundi hawezi kuniambia kwamba kuna mtu amefuta ubao asubuhi ile.

Na kilomita? Waliorudisha kilomita nyuma hakiwakamati. Angalia mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Gari la "kilomita 68,000" lenye pedali iliyolika mpaka chuma kinaonekana, hizo kilomita ni hadithi.

Karatasi ndiyo kabisa. Kwenye simu kuna sehemu imeandikwa namba ya chesesi, na kwangu imekuwa tupu karibu kila mara, kwa sababu magari ya soko la Japani hutumia namba fupi ya fremu, si ile ya tarakimu na herufi 17. IST ya 1300 kwa mfano huanza na NCP60, halafu tarakimu zake. Inasomwa kwa macho yako, kwenye kibati ndani ya boneti na ilipogongwa kwenye bodi, unailinganisha na kadi halisi ya usajili. Kadi, si kopi. Ngamiani nilionyeshwa Spacio safi, bei ya kuchekesha, kijana ana kopi tu. "Kadi iko kwa mama, Handeni." Nikamwambia basi twende Handeni, nauli nalipa. Akakohoa. Kadi ilikuwa kwa mkopeshaji, wale wa riba ya kila wiki wanaoitwa kausha damu, na deni lilikuwa linakaribia nusu ya bei ya gari. Ningelipa, gari lingekuja kuchukuliwa uani kwangu na watu wenye haki nalo kuliko mimi. Tulimaliza kwa heri. Baadaye alirudi tukaenda wote kwa mkopeshaji, nikalipa deni mkononi mwake mbele ya wakili, kadi ikatoka, kilichobaki nikampa kijana. Faida ilikuwa ndogo, usingizi ulikuwa mzuri.

Deni la trafiki unaliangalia kwa namba ya gari kwenye simu yako, dakika moja, na wapo wanaouza gari lina makosa manane hawasemi. Ile leseni ya barabara ya kila mwaka iliyokuwa ikitutoa jasho iliondolewa 2017, hiyo msibabaishwe nayo na dalali wa kizamani anayetaka kuongeza cha juu.

Kwa hiyo nakipa kidude nyota tatu kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa kutoelewana na magari ya zamani, na nyingine kwa yule muuzaji aliyeniambia "zote". Kama unanunua gari moja la kutumia na ni la miaka ya karibuni, azima cha mtu, au mpe fundi mwenye nacho 10,000 akupimie. Kama unafanya kazi kama yangu, kilijirudishia pesa yake siku ya Rumion pale Chumbageni. Changu sasa kimepasuka pembeni, nimekifunga kwa mpira wa kufungia noti, na ukikisukuma vibaya kinazimika. Nimeshaagiza kingine.

Kuna mama wa Duga anauza Raum, namba C, anasema haina shida ila "asubuhi inachelewa kuamka". Raum ya umri ule kidude hakitaiweza, najua. Nimempigia fundi, tunakwenda kesho saa kumi na mbili na nusu, na nimemwomba yule mama, tafadhali bibie, usiiwashe.